Vigeuzi Viwili vya Mlango wa Tisa

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne, Mzee Stensili alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango namba tisa wa hospitali akikwangua rangi iliyobambuka kwenye mkia wa ile tisa. Mwanamke mmoja mwenye begi la kompyuta mgongoni akamwuliza soketi inayofanya kazi iko wapi. Alimjibu kwamba hospitali nzima ina soketi mbili zilizo hai: moja iko ofisini kwa mkurugenzi, kazi yake ni kuchemsha chai, na nyingine iko chumba cha kumbukumbu. Mwanamke akachagua ya pili. Mzee akatia kisu mfukoni, akambebea meza.

Stensili halikuwa jina la kuzaliwa. Alilipata kazini, kwa miaka ishirini na sita ya kukata herufi kwenye karatasi ngumu na kuzipaka ukutani: MAABARA, DAWA, USITEME MATE. Shule aliishia darasa la nne, lakini hakuna mtu hospitalini aliyeijua herufi G kama yeye, mahali inapokunja na mahali inapotaka kukatika. Wakubwa walikuja na kuondoka, kila mmoja na milango yake ya kubadilisha majina, naye akabadilisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza kama rangi ile inamkohoza.

Mwanamke wa kompyuta walimwita Fundi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, anaongea polepole, na hakuwa na majivuno, jambo lililomfanya Mzee amtilie shaka kwa saa nzima ya kwanza. Alimweleza kazi iliyomleta. Tovuti ya hospitali ilitengenezwa na programu moja ndogo isiyo na makuu. Kila alfajiri programu ilisoma mafaili ya maandishi aliyoyaacha karani wa kumbukumbu, ikayafanya kurasa, ikazipeleka mtandaoni, ikalala hadi kesho yake. Shida ni kwamba kila ukurasa ulikuwa umeandikwa mzimamzima, kichwa hadi miguu, kwa mkono. Kubadilisha namba moja ya simu kulitaka kufungua kurasa mia tatu. Kwa hiyo yeye ameitwa aiongezee programu hiyo vigeuzi viwili. Cha kwanza kigeuzi cha violezo: unaandika umbo la ukurasa mara moja tu, unaacha matundu, halafu maneno ya kila faili yanaingia kwenye matundu hayo. Cha pili kigeuzi cha mitindo: unasema mara moja rangi ni ipi, kona ziweje, nafasi kati ya kitu na kitu iwe kiasi gani, na kila ukurasa unatii.

Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Hicho cha kwanza ni stensili," alisema.

"Ndiyo, mzee. Ni stensili."

"Na cha pili ni kopo la rangi."

"Kopo la rangi, na upana wa brashi."

"Umesoma miaka mingapi kujifunza hayo?"

"Ukihesabu na chekechea, kumi na minane."

"Mimi wiki mbili," alisema Mzee. Fundi akacheka hadi karani akainua uso. Kuanzia hapo wakawa wanaelewana.

Kigeuzi cha mitindo kilikuwa tayari kabla ya chakula cha mchana. Fundi aliandika kwamba rangi ya msingi ni samawati hafifu, kona zote ziwe za mviringo, na kati ya kitu na kitu pawe na nafasi ya kumi na sita kwa kipimo cha skrini. Akabonyeza kitufe. Kurasa zikabadilika, na kuta za korido zikabadilika nazo. Mabenchi yakapoteza kona. Wagonjwa waliokuwa wamebanana kama njiti za kiberiti wakajikuta wamekaa kwa nafasi sawasawa, na wawili wa mwisho wakaishia sakafuni, wakainuka, wakajipangusa. Sista wa zamu alisema angalau sasa atapata pa kupita.

Mkurugenzi alitoka na kikombe chake, akaitazama korido kushoto na kulia, akasema hiyo ni hatua nzuri. Halafu akamgeukia Mzee, akamweleza kwa upole kwamba kwa hali hii kazi ya kupaka imekwisha, lakini asiwe na wasiwasi, atabaki akisaidiasaidia. Mzee alisema sawa, mheshimiwa. Rangi ya kijivu aliyoipaka kwa mkono wake, ngazi ile ya mbao ikimyumbia miguuni, ilikuwa imetoweka kwa kidole kimoja, na hata harufu yake haikubaki.

Hicho hakikumuuma sana. Kilichomuuma kilikuwa na umri wa miaka minne.

Miaka minne nyuma, siku ya Alhamisi, mkewe aliamka na maumivu ya tumbo yaliyomkunja kama karatasi. Mzee aliazima mkokoteni wa jirani mwuza mkaa, akatandika godoro, akamsukuma mwenyewe. Saa moja na dakika kumi asubuhi walikuwa wamekaa kwenye benchi la mlango wa tisa na namba yao mkononi, watu wawili tu mbele yao. Daktari wa zamu hakuwepo. Siku hiyo alikuwa anatarajiwa mgeni rasmi wa kufungua jengo la utawala, na madaktari wote walipewa amri ya kupanga mstari getini wakiwa wamevaa makoti meupe. Mgeni alichelewa. Makoti yakasimama juani. Saa nne Mzee alikwenda getini kuomba daktari mmoja tu, akaambiwa asiharibu mstari. Saa saba akarudi tena, akaambiwa vilevile na mtu mwingine. Saa tisa mkewe alifia kwenye benchi, kichwa kimelala begani kwake, na kwa dakika kadhaa Mzee alidhani amepata usingizi, akashukuru.

Kesho yake karani alijaza faili namba mia mbili na kumi na mbili. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: alichelewa kufika. Maneno hayo yakaenda kwenye tovuti, chini ya Kumbukumbu, na binti yao wa pekee, fundi wa cherehani katika mji wa mbali, akayasoma kwenye simu kabla baba yake hajapata nguvu ya kumpigia. Alipiga yeye. "Baba, ulikuwa unasubiri nini?" aliuliza. Mzee akaanza kueleza habari za mgeni rasmi na mstari wa makoti, na alivyozidi kueleza ndivyo yote yalivyozidi kufanana na visingizio. Binti alikuja akazika, akamwamkia kila mtu uani isipokuwa yeye, akaondoka. Toka siku hiyo hawakuzungumza tena.

Mzee hakutaka makubwa. Alitaka mstari mmoja ubadilishwe. Karani alisema hawezi kugusa faili lililofungwa bila barua ya mkurugenzi. Mkurugenzi alisema hawezi kuandika barua bila idhini ya kamati. Kamati ilikaa mara moja kwa mwaka, na mwaka wa kwanza mwenyekiti alikuwa safarini, wa pili ajenda zilikuwa nyingi, wa tatu ombi lake lilipotea, wa nne likapatikana, likapotea tena. Alipigwa danadana hadi akazijua rangi za mazulia ya ofisi zote. Hakuna aliyemfukuza. Wote walimwita mzee wetu.

Hayo yote alimsimulia Fundi Jumatano asubuhi, na kwa sababu Fundi hakumkatiza, akamalizia na lile ambalo hajawahi kumsimulia mtu. Miaka saba iliyopita karani alikuja kwake na ombi dogo. Kuna maneno mawili alikuwa akiyaandika kwenye rejista mara nyingi kiasi kwamba mkono ulikuwa umeanza kuuma. Je, anaweza kukatiwa stensili ndogo awe anapitisha wino tu? Mzee aliikata jioni moja, herufi safi, E zote zinalingana. Karani alimsifu. Mzee akavimba kichwa siku mbili. Maneno yenyewe yalikuwa ALICHELEWA KUFIKA.

"Hukuuliza ni akina nani hao wanaochelewa?" Fundi aliuliza.

"Niulize vipi? Mimi nakata herufi. Maneno ni ya mwenye ofisi."

"Na mimi nisingeuliza," Fundi alisema.

Hapo Mzee akamwomba. Faili liko humo ndani ya kompyuta yake, mstari ni mmoja, mkono wake ni mwepesi, nani atajua? Fundi alikataa, na hakulikwepa jicho lake alipokataa. Katika kazi yake, alieleza, umbo liko upande mmoja na maneno upande mwingine, na aliyeitwa kushughulikia umbo hagusi maneno, hata akiona yana makosa, hata akiona ni uongo. Akianza kugusa, kesho hakuna atakayejua lipi ni la karani na lipi ni lake. Mzee hakubishana. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe kwa miaka ishirini na sita. Ilimrudia sasa ikiwa imevaa nguo za watu waliosoma.

Ila aliomba jambo moja zaidi. Kama kigeuzi cha violezo kinahitaji faili la kujaribia, basi kijaribiwe na la mia mbili na kumi na mbili. Fundi alisema hilo linawezekana.

Sasa, kila kigeuzi kinapoandikishwa kwenye programu huulizwa mambo mawili: unapokea faili la aina gani, na ukimaliza unatoa kitu cha aina gani. Fundi alijibu la kwanza. La pili alikuwa analijibu pale karani alipoingia kumlalamikia kwamba kona za mviringo zimelifanya daftari lake liteleze mezani, na aliporudi kwenye skrini alidhani amekwisha kulijibu. Akabonyeza. Programu haikulalamika. Wala ukurasa haukutoka. Fundi akasema ataangalia kesho.

Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi, mke wa Mzee Stensili alikuwa amekaa kwenye benchi la mlango wa tisa.

Sista wa zamu ndiye aliyemwona kwanza. Alimpima, kwa kuwa kupima ndiyo kazi yake: kilo hamsini na nane, joto thelathini na tisa nukta mbili, umri miaka arobaini na sita. Vyote vililingana na faili. Akamwuliza namba, mama akamwonyesha, sista akasema asubiri, daktari anakuja. Mzee alipofika alimkuta hivyo, mgongo umenyooka, gauni la samawati hafifu, nafasi ya kumi na sita kila upande. Akakaa sakafuni karibu na miguu yake. Mahali faili lilipokuwa na neno, mkewe alikuwa kamili hadi mshipa wa shingo. Mahali faili lisipokuwa na neno, alikuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu jana. Mkono wake wa kulia haukuwa na lile kovu la pasi. Hakuna fomu yenye nafasi ya kovu la pasi.

Alimwita kwa jina walilokuwa wakiitana wakiwa wawili. Mkewe alimtazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani.

"Una nini, mama?" sista aliuliza, kalamu tayari.

"Nilichelewa kufika," alisema mke wa Mzee. Sauti ilikuwa yake hasa.

Sista akatazama saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Akaandika alichoambiwa.

Mke wa Mzee alikaa pale kwa muda wa saa nane kasoro dakika kumi. Wagonjwa waliingia na kutoka, wengine wakamwamkia, mmoja akamwomba amshikie mtoto akaona heri asimwachie. Kila aliyemwuliza kilichompata alijibiwa maneno yaleyale mawili. Saa tisa alasiri akalaza kichwa pembeni, penye hewa tupu, akawa hayupo. Namba yake ilibaki kwenye benchi. Karani akaja akaichukua, kwa kuwa namba zilikuwa zinapungua. Ijumaa, saa moja na dakika kumi, alikuwa amerudi.

Fundi alikuja kutazama, akasimama mbele yake akijikuna kichwa kwa penseli. Alisema kosa ni lake, aliacha jibu la pili tupu, programu haikuambiwa itoe ukurasa, ikatoa mtu, na kazi ya kulirekebisha ni ya dakika mbili. Mzee alimwomba asirekebishe. Mkurugenzi naye alimkataza, kwa sababu zake. Aliitisha kikao kifupi pale pale koridoni. Hoja ya kwanza ilikuwa je, mama huyu atibiwe? Ilionekana haiwezekani, kwa kuwa faili lake limefungwa. Hoja ya pili ilikuwa je, anaidhalilisha hospitali? Mkurugenzi akainama, akamwuliza mwenyewe, kwa heshima, nini kilitokea.

"Nilichelewa kufika," alisema.

Mkurugenzi akajinyoosha. Alisema mwaka mzima wanaandikiwa barua na watu wenye uchungu, na hapa marehemu mwenyewe anathibitisha kwa kinywa chake. Akaagiza mafaili yote ya folda ya waliochelewa kufika yapitishwe kwenye kigeuzi, yote sitini na matatu, ili taarifa ya mwaka iwe na ushahidi.

"Lakini mheshimiwa, si unamwona amefika saa moja?" Mzee alisema.

"Namwona, mzee wetu. Na namsikia pia."

Wiki iliyofuata mabenchi ya mlango wa tisa yalijaa. Kila mmoja alifika kwa saa yake iliyoandikwa, na hakuna aliyefika zaidi ya saa tatu asubuhi. Palikuwa na mwashi mwenye mguu uliovimba, mama mwenye mimba, mzee mwenye ndevu, watoto wawili wenye homa ileile. Wote walikuwa wa samawati hafifu, wote wamechelewa kufika. Mmoja mmoja, kila mtu kwa saa yake, wakalaza vichwa na kuondoka, na asubuhi wakarudi.

Mzee aliacha kusaidiasaidia, na hakuna aliyeligundua hilo. Alikaa sakafuni penye miguu ya mkewe kila siku, na kilichomtafuna sasa hakikuwa lile neno moja tu. Mkewe alikuwa hamtambui. Alimweleza Fundi, naye akafungua faili, akalisoma juu hadi chini. Lilikuwa na nafasi iliyoandikwa AMELETWA NA, lakini karani hakuijaza. Hakuijaza kwa mtu yeyote kati ya wale sitini na watatu. Alisema haina faida.

Fundi aliitazama ile nafasi tupu muda mrefu. Halafu akasema kuna kitu kimoja anachoweza kufanya bila kuvunja sheria yake. Neno lililoandikwa haligusi, lakini pale faili liliponyamaza kabisa, kiolezo kina ruhusa ya kusema neno la akiba. Ndiyo desturi, kila kiolezo kinaruhusiwa. Ila neno la akiba ni moja kwa wote.

"Andika mume wangu," Mzee alisema upesi.

Walilijaribu. Kesho yake mzee mwenye ndevu alimwambia sista kwamba ameletwa na mume wake, na wale watoto wawili wakasema vivyo hivyo. Sista akaandika. Fundi akalifuta. Mzee alifikiri siku mbili, akitamka maneno midomoni bila sauti kama alivyokuwa akifanya kabla ya kukata stensili. Alitaka neno lisilomwacha hata mmoja wao peke yake kwenye benchi lile. Mwishowe akasema: andika, nililetwa na wangu.

Likaingia. Ijumaa asubuhi mkewe alimtazama. Hakutabasamu, kiolezo hakikuwa na nafasi ya tabasamu, lakini alimtazama yeye na si saa, akasema, "Nililetwa na wangu." Mzee alifunika uso kwa kofia. Halafu akaenda kwa sista, akaomba simu yake, akamwandikia binti yake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi: njoo umwone mama yako. Jibu lilirudi baada ya saa moja. Lilikuwa na neno moja tu: lini.

Binti alifika Jumatatu, kabla ya saa moja, na utepe wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni kama aliyeinuka mashine ikizunguka. Alimwamkia baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne, na Mzee aliitikia shikamoo ile. Wakasimama pamoja. Saa moja na dakika kumi mama akawa amekaa. Binti alimtazama sana, akamshika mkono wa kulia, akaugeuza, akapitisha kidole pale lilipotakiwa kuwepo kovu. Akauachia taratibu. Halafu akakaa sakafuni, upande wa pili wa miguu ile, akangoja.

Alingoja saa zote. Saa nne alimwona baba yake akiinuka kwenda mlangoni, halafu akirudi, kama mtu aliyesahau kwamba hakuna tena wa kwenda kumwomba. Saa saba vilevile. Mzee alianza kupata joto kifuani ambalo hakulipata siku nyingi, kwa kuwa mtu yeyote mwenye macho alikuwa anaona: mama alifika asubuhi, na alasiri bado alikuwa kwenye benchi.

Saa tisa kasoro dakika chache binti aliinuka, akamwinamia mama yake.

"Mama, nini kilitokea?"

"Nililetwa na wangu," alisema mama. "Nilichelewa kufika."

Mzee hakuwahi kuyasikia yakifuatana. Siku zote aliyasikia moja moja, kila moja kwa swali lake. Aliyekata herufi maisha yake yote, aliyejua kwamba neno huangaliwa pamoja na jirani yake kabla kisu hakijagusa karatasi, hakulifikiria hilo. Mama akalaza kichwa kwenye hewa tupu, akaondoka. Karani akaja kuchukua namba.

"Si kweli," Mzee alisema. "Hayo ya mwisho ni yao. Ya kwanza ni yangu, niliyatoa mimi, ili asiwe peke yake. Lakini saa si umeiona, mwanangu? Saa moja na dakika kumi. Umeiona kwa macho yako."

Binti alikuwa anavaa viatu. Alijibu bila ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Nimeiona, baba. Nani aliandika kwamba ni saa moja na dakika kumi?"

"Karani."

"Huyohuyo?"

"Huyohuyo."

"Kama faili ni la kweli, basi mlichelewa. Kama faili ni la uongo, hata hiyo saa ni ya uongo. Wewe unataka niamini mstari wa juu, niukatae wa chini. Mimi si hakimu, baba. Nilitaka mama aniambie, naye ameniambia."

Mzee alifungua kinywa aseme kuhusu mkokoteni, na godoro, na mwuza mkaa aliyewaazima, ambaye naye amekwisha kufa kwenye benchi lilelile na sasa huja saa mbili na robo. Alikifunga. Binti alimpa mkono, kama watu wanavyopeana mkono baada ya kikao, akaondoka kwa korido ya samawati, akiwapisha waliosimama.

Waliosimama walikuwa wengi. Mabenchi yote yalishikwa na watu wa mafaili yaliyofungwa, nao hawawezi kuondolewa kabla ya saa zao, kwa hiyo walio hai walipanga mstari ukutani, kisha nje, kisha hadi getini. Waliokuja asubuhi walionwa jioni. Fundi alimaliza mkataba wake, akaandika maelezo marefu ya jinsi ya kuziba lile jibu tupu, akayaacha juu ya meza ya karani, na karani akayaweka chini ya daftari lisiteleze tena. Siku anaondoka alimtafuta Mzee, akamwambia samahani, baba. Mzee alimwambia asijali, yeye ameshughulikia umbo tu. Hakulisema kwa ubaya, lakini Fundi alilibeba hivyo. Taarifa ya mwaka ilichapishwa na kusifiwa. Folda ikaongezeka mafaili kumi na manne, kisha ishirini, na kwenye nafasi ya sababu karani hakuhitaji hata kufikiri.

Asubuhi moja, saa moja na dakika ishirini, mwanamke mmoja aliingia akimburuta mumewe, mikono ya mume imezunguka tumbo. Alitafuta pa kumkalisha, hakupaona. Akamwona Mzee sakafuni, akamdhania mfanyakazi.

"Baba, hapa wanahudumia haraka?"

Mzee aliinuka kwa kujisukuma ukutani. Alimtazama yule mume, rangi ya midomo yake, jinsi alivyojikunja. Akasogea karibu ili sista asisikie.

"Mpeleke kwingine. Popote. Msikae."

Mwanamke alimwangalia kama watu wanavyowaangalia wazee wa korido za hospitali. Akaonyesha kwa kidevu juu ya mlango, kwenye kibao ambacho rangi ya samawati ilikizunguka bila kukigusa, herufi nyeusi, safi, zinalingana. DHARURA, SAA ISHIRINI NA NNE, KARIBUNI.

"Si wameandika hapo?"

"Hawakuandika wao," alisema Mzee. "Niliandika mimi."

Mwanamke hakuwa na muda wa maneno hayo. Mke wa Mzee alikuwa amekaa pembeni mwa benchi, na kando yake palikuwa na ile nafasi ya kumi na sita ambayo mtindo unaiacha kati ya kitu na kitu. Haikutosha mtu mzima. Mwanamke akamwambia samahani, mama, akamsukuma mumewe hapo kwa bega, akambana hadi akaenea, na karani akaja na namba.